Dosiye Kumi za Mtihani

Miaka ile ya vita nilikuwa mtunza dosiye katika hospitali moja ya kanisa, Butembo. Nilipanga makaratasi ya wagonjwa kwenye rafu, basi. Halafu wakubwa wakaleta mwalimu atufundishe kugeuza ugonjwa ulioandikwa na daktari kuwa kode, yaani herufi moja na tarakimu zake, kufuatana na kitabu kimoja kinene. Mafunzo yalichukua majuma matatu. Ambaye angefaulu mtihani angepata cheti.

Kutoka Beni alikuja mama mmoja wa mtaa wa Mulekera, mtunza dosiye kama mimi, aliyenizidi umri sana. Alifikia kwangu. Tulilala kitanda kimoja, wanawake wawili, kwa sababu ya baridi. Usingizi hatukuukosa. Hata tuliposikia risasi upande wa Rughenda, tuliendelea kumenya viazi.

Mwalimu alikuwa mtu wa jimbo lingine, mpole, ambaye vita vilimfungia njia ya kurudi kwao. Kila siku alirudia: kwa aliyekufa, tafuta ugonjwa ulioanza, uliozaa mengine, huo ndio upewe kode. Kode ya vita ilikuwemo pia kitabuni, lakini kwa waliouawa kwa silaha.

Siku ya mtihani tulipokezana dosiye kumi za waliokufa, majina yamefunikwa. Niliandika surua, malaria, kuhara, malaria. Mkono ulikwenda wenyewe. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka miwili. Niliona umri kwa kuwa fomu iliuliza umri.

Aliposahihisha, mwalimu alimwita yule mama mbele yetu.

"Mama, uliandika kode ya vita ku dosiye zote kumi. Lakini huyu mutoto alikufa na surua."

"Ile surua alishikia ku pori, Monsieur. Ku pori alikimbilia juu ya vita. Infirmier mwenye kutunza bagonjwa aliiandika pale chini, ku zote."

"Niliisoma. Lakini tunatafuta bugonjwa, hapana safari ya mutu."

"Bugonjwa ilianzia mu safari."

Mwalimu akanigeukia mimi niliyekuwa jirani ya mama darasani. "Na wewe, unaona aje?"

"Miye nilifuata kitabu," nikasema.

Akampa hadi saa sita arekebishe. Mama alikaa na kalamu mkononi, kisha akairudisha karatasi kama ilivyokuwa. Akaanguka mtihani.

Jumamosi nilipokea cheti changu. Watu walipiga makofi, naye mama akapiga. Nilikuwa nawaza kama makaa ya kupikia yamebaki nyumbani. Kesho yake, baada ya ibada, akapanda pikipiki kurudi Beni.

Kwa kuwa hospitali yao haikuwa na mwenye cheti, nilitumwa kule kila mwezi. Yeye alifungua mafurushi ya dosiye, akayapanga, akanisomea mwandiko wa daktari pale uliponishinda. Mimi niliandika kode. Hatukugombana hata mara moja. Aliniwekea chai na samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge.

Mwezi mmoja, tukiwa katikati ya kazi, aliniuliza bila kuinua macho:

"Mutoto yangu, ile siku ya mtihani, mu roho yako ulikuwa unawaza nini?"

"Hapana kitu, Mama."

Ulikuwa ukweli. Akaitika polepole, akanisogezea dosiye iliyofuata. Mwanamume, kuhara. Nikafungua kitabu.