Ukuta wa Bibi Unasiribwa na Nani?

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku kwetu milimani watu wanajuana mpaka mbuzi wao. Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni binti wa miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, naishi upande wa Mtae kwenye nyumba ya marehemu bibi mzaa baba. Naandika mchana kweupe na mlango nimeuacha wazi, kwa sababu nikiwa peke yangu humu ndani sithubutu kuufunga.

Nililetwa hapa miaka miwili iliyopita nimtunze bibi. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, akitembea anapapasa ukuta. Mkono wa kulia kidole cha mwisho kilikuwa nusu, panga lilimkata zamani akikata majani ya mbuzi. Nyumba yenyewe ni ya udongo, na bibi alikuwa na sheria moja: kabla ya masika lazima isiribwe upya nje kwa udongo mwekundu na samadi, la sivyo mvua inakula ukuta. Nilipokuwa mdogo nikija likizo, alikuwa anasiriba yote halafu karibu na mlango ananiachia pande dogo. "Hapa ni pako," ananiambia. "Nyumba haijaisha mpaka wewe umalize." Nikishapaka anapiga vigelegele utadhani nimejenga ghorofa.

Mwaka huu akawa haoni kabisa, akanikabidhi kazi yote. Na mimi, jamani, nilikuwa na mtu wangu wa Soni tunachati, na mtandao kwetu unashika kule juu jabalini tu. Kila siku nasema kesho. Bibi akaniuliza, "Umesiriba, mwanangu?" Siku ya nne nikamjibu, "Tayari bibi, nimemaliza jana." Akasema, "Mungu akubariki, wewe ndiye mtoto." Nikachukua simu yangu nikapanda jabalini.

Niliporudi hayupo kitandani. Nilimkuta bondeni tunakochimba udongo, ameteleza, ndoo imemlalia mguuni, amelowa chapachapa kwa maji ya bondeni. Alikuwa ameupapasa ukuta akakuta mkavu, na nyufa zake zile zile. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Nilitaka nikusaidie." Siku ya tatu kifua kikambana, akafariki. Ndugu walipouliza nikawaambia aliteleza akienda chooni. Wakanionea huruma, wakanikumbatia. Ukweli hakuna anayeujua zaidi yenu.

Wiki moja baada ya mazishi ukungu ulishuka mchana, nikaenda kuchota maji. Nimerudi nakuta pande la ukuta wa nyuma limesiribwa, bado bichi, harufu ya samadi imejaa uani. Nikajua ni jirani yetu, mama mmoja mwenye huruma, nikaenda kumshukuru. Akacheka. "We mtoto, na kiuno changu hiki nisiribe nyumba za watu? Si umesiriba mwenyewe, unataka nikusifie!" Nikarudi kuangalia vizuri. Alama za vidole zilikuwa zimepita pale pale kwenye udongo: vitatu virefu, na cha mwisho nusu. Nikakaa kwenye tope.

Tangu siku hiyo nikitoka tu, kazi inaendelea. Juzi nikajifanya jasiri, nikakaa ndani. Saa tisa hivi mchana nikasikia kiganja kinapita ukutani, shwaa, shwaa, na pumzi ya mtu aliyechoka. Nikaita, "Bibi?" Mkono ukasimama. Nikatoka mbio nikazunguka nyumba, hakuna mtu. Ndoo ilikuwa imejaa udongo, na maji juu yake bado yanazunguka. Msiniambie ni panya.

Sasa sikieni kinachoniua. Jana alikuja baba mdogo kupanga mambo ya arobaini, ambayo ni Jumamosi hii. Akaniambia, "Ukoo tumekaa, tumekubaliana. Jumamosi mbele ya watu wote tunakukabidhi nyumba hii iwe yako. Wajukuu wengine walikimbilia mjini, wewe ndiye uliyemtunza mama." Halafu akapitisha mkono ukutani. "Na unavyosiriba, utadhani mama mwenyewe." Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania, alikuwa anafuta machozi.

Nyumba ninaihitaji, sitaki kuwadanganya. Baba na mama waliachana, kila mmoja ana familia yake, na kote huko mimi ni mgeni. Lakini nitasimamaje mbele ya ukoo nipokee zawadi ya kumtunza mtu niliyemuua kwa uvivu wangu? Nikikataa, wataniuliza kwa nini. Nikisema ukweli, baba mdogo anaweza kunifukuza siku hiyo hiyo, na siwezi kumlaumu, yule ni mama yake. Najichukia mpaka chakula hakipiti.

Leo asubuhi nimeamka nakuta nyumba nzima imeisha. Imependeza, wapita njia wanaisifia. Kasoro pande moja dogo karibu na mlango, liko chini, kimo cha mtoto. Ndoo imewekwa hapo chini yake, na udongo umeshachanganywa, laini. Ili nilifikie inabidi nipige magoti.

Nimepiga magoti mara tatu, nimechota udongo mkononi, nimeurudisha. Moyo unaniambia bibi amenisamehe, ndiyo maana ameniachia pande langu kama zamani. Lakini nikipaka kabla sijawaambia watu wake, si nitakuwa nimemwambia tena "tayari bibi, nimemaliza," na ni uongo ule ule?

Nitukaneni, nimestahili, ila mkimaliza mnijibu. Leo Alhamisi, keshokutwa watu wanajaa hapa, na udongo kwenye ndoo umeanza kukauka. Nishaurini jamani: nipake, au niseme kwanza?