Mhudumu wa Wodi Aliyemwonea Wivu Mama wa Mgonjwa

Saa mbili asubuhi, katika hospitali moja ya misheni juu ya Bura, Tryphena anabeba karai la maji ya uvuguvugu hadi kitanda cha Ndambuki, mtoto wa miaka sita. Anambadilishia bandeji polepole, anakagua mpira wa mkojo, anamfunika shuka. Kwa mama yake mtoto, aliyekaa kando, hasemi neno.

Ndambuki ametoka Marungu. Alizaliwa na uume uliopinda kwenda chini, na kila alipokojoa alilowesha miguu. Wiki iliyopita daktari wa upasuaji kutoka Mombasa alikata utando mgumu uliokuwa ukiuvuta, akaunyoosha.

Tryphena, mjane kutoka kijiji cha Wusi, amefanya kazi hapa tangu 1946. Ndiye anayechemsha vyombo vya upasuaji na kuwalisha watoto wasio na mtu. (Majina ya wagonjwa na ya mhudumu huyu yamebadilishwa.)

Siku chache baadaye, mpira ulipotolewa, mtoto alisimama mlangoni akakojoa mbele, mbali na miguu yake. Mama yake, Mbula, alicheka huku akifuta machozi. Wodi nzima ilifurahi. Tryphena alichukua shuka chafu akatoka nje.

"Nilikwenda kufua shuka ambazo zilikuwa za kufuliwa kesho yake," anasema. "Nilitaka nisimwone yule mama akicheka."

Mbula alimfuata kwenye karo la kufulia.

"Mama, mtoto wangu unamshika kama yai. Mimi hata salamu hunipi. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama Ndambuki. Nakuonea wivu."

"Wivu wa nini, na mimi sina kitu?"

Hapo Tryphena akamwambia jambo ambalo hata dada zake hawalijui. Mwanawe wa pekee alizaliwa hivyo hivyo. Mkunga alisema atanyooka akikua. Hakunyooka. Shuleni alijificha asioge na wenzake. Sasa ana miaka ishirini na mbili, anakata mkonge Taveta, na kila akitajiwa mchumba anakaa miezi bila kuja nyumbani.

"Wako kapata daktari angali mdogo," alimwambia. "Wangu nilimwosha mimi, nikanyamaza mimi. Kila nikifunga bandeji ya mwanao najiuliza, kwa nini si wangu?"

Mbula hakumpa pole. Alishika ncha ya shuka wakaikamua pamoja. Kisha akauliza, "Daktari umemuuliza kama mkubwa hutengenezwa?"

Hakuwa amemuuliza. Miaka yote akimkabidhi visu daktari huyu na yule, aliona kuuliza ni kumvua mwanawe nguo mbele za watu.

Alasiri hiyo alimngoja daktari nje ya chumba cha upasuaji. Jibu lilikuwa fupi: mtu mzima pia hutengenezwa, lakini lazima aje mwenyewe akaguliwe, na akubali mwenyewe.

Mbula na mwanawe wameruhusiwa kurudi Marungu. Tryphena aliwasindikiza hadi langoni. Anakiri kwamba alipomwona mtoto akikimbia mbele ya mama yake, moyo ulimchoma tena vilevile.

Jumamosi atateremka mlimani hadi stesheni ya Bura kupanda treni ya Taveta. Ameomba ruhusa, na amekwisha kufungasha kikapu cha viazi vitamu.

"Sitamvuta mkono," anasema. "Nitamwambia nilichokiona kwa mtoto wa watu. Akitaka kuja, kitanda nitamtandikia mimi mwenyewe."