Macho ya Timothy

Afande Conrad Wanyama, askari magereza wa Jinja, amevunjika pua mara tatu, na kila mara aliirudisha mwenyewe kwa vidole. Jioni yuko uwanjani Bugembe anafundisha raga, ile ya watu kumi na watatu kila upande: mwenye mpira anaangushwa, anainuka, anaangushwa tena, hadi mara sita ndipo mpira unakwenda kwa wapinzani. Vijana wake huwagonganisha kifua kwa kifua mpaka mmoja ateme damu. Akiiona damu, anacheka. Kicheko kibaya kweli.

Lakini kupenda alijua. Dada yake Norah, muuza samaki wa Wanyange, alimkabidhi mwanawe Timothy akiwa na miaka kumi na miwili. Mjomba akamlisha, akamchapa, akamfundisha raga. Mwaka 2024 akampeleka kwao Mbale kutahiriwa Kigisu: kijana anasimama wima mbele ya umati, kapakwa unga na matope, kisu kinapita, naye haruhusiwi kutikisika wala kupepesa macho. Conrad alisimama hatua mbili mbele yake, kamkodolea macho.

"Angalia mimi! Usipepese!"

Timothy hakupepesa. Conrad alilia kwa fahari, tena bila haya.

Mwaka uliofuata ligi ya kulipwa ikatangaza kwamba inapanuka hadi mashariki, na kwamba kambi yake ya vijana itachukua wawili tu, walale, wale na wasome huko. Conrad hakutaka kusikia jingine. Lazima Timothy awe mmoja wao. Mechi ya kuchagua ikawekwa Mbale, Jumamosi mchana.

Dakika ya ishirini Timothy alijitosa na mpira katikati ya mabeki wawili. Bega la mmoja likamkuta tayani, na mlio ukasikika hadi kwa wauza miwa barabarani. Akaanguka kama gunia. Kisha akainuka mwenyewe, akasimama wima, mikono ubavuni, damu ikimtoka sikioni, akitazama mbele bila kupepesa.

"Muoneni!" Conrad akanguruma. "Muoneni mwanaume!"

Zahara, muuguzi wa uwanjani, akamjia mbio. "Afande, hii macho si mazuri. Toa yeye inje."

"Sista, wewe hujui yeye. Hata kisu haikumtikisa."

"Afande, nasema toa!"

"Timothy! Uko sawa?"

"Niko sawa, afande," kijana akajibu, akiugeuzia uso upande ambao Conrad hakuwepo.

Conrad aliliona hilo. Aliliona vizuri kabisa, akamwacha aendelee kucheza.

Dakika tatu baadaye Timothy aliinama kumkaba kijana wa Mbale aliyekuja kasi, na goti likampasua juu ya jicho. Safari hii hakuinuka. Visigino vyake vilichimba nyasi, povu jekundu likamtoka mdomoni. Conrad akaingia uwanjani, akamsukuma refa chini, akamkamata yule mwenye goti na kumpiga ngumi za mdomo hadi meno mawili yakabaki kwenye nyasi. Watu sita walimvuta.

"Muache!" Zahara alipiga kelele, kapiga magoti penye damu. "Si huyo! Si huyo amefanya hivi!"

Hospitalini akaja Harpreet, Kalasinga wa Jinja aliyetumwa na ligi kuchagua vijana. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Jina yake niliandika dakika ya kumi, bwana," alisema. "Ile dakika ingine yote nilikuwa naomba tu utoe yeye."

 

Sasa ni wiki ya tatu. Timothy anapumua, kalala chali, macho wazi yakitazama dari. Daktari humpelekea kiganja usoni ghafla, na kijana hastuki. Jana Conrad alipiga magoti kando ya kitanda, vidole bado vimevimba kwa meno ya mtoto wa watu.

"Angalia mimi, mwanangu," akasema. "Pepesa. Mara moja tu, pepesa."

Norah akamsogeza kwa kiwiko. Akainama, akamdondoshea mwanawe dawa machoni, jicho moja kisha la pili, yasikauke.