Utani wa Kiingereza Mbele ya Mkaguzi

Redio ya Mwalimu Sekela ilinuka mafuta ya taa. Ilikuwa imesafiri kutoka Mbeya hadi Iringa ndani ya lori lililobeba madebe ya mafuta, na harufu ile haikutoka hata tulipoifuta kwa maganda ya limau. Kaka yake aliinunua alipokuwa akichimba shaba Rhodesia ya Kaskazini, akampa dada yake aliyekuja kufundisha Kiingereza katika shule yetu ya wasichana, shule ya masista iliyokuwa kwenye kilima chenye upepo usiochoka. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la saba. Kila Jumatano mchana tulifunga madirisha kwa sababu ya baridi, mwalimu akazungusha kitufe, tukasikia mikwaruzo, kisha Wazungu wakicheka. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha wa mume na mke waliogombana kila wiki. Sisi tulikodolea macho kile kisanduku, vichwa vikituuma.

Mwalimu mwingine angetuambia tucheke ili tuonekane tumeelewa. Sekela, Mnyakyusa mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, hakutaka kabisa. "Asicheke mtu kwa sababu wao wamecheka," alituambia. "Kama hujaelewa, nyamaza. Na kama umeelewa lakini hakuna cha kuchekesha, nyamaza vilevile." Basi tukanyamaza wiki nyingi. Mume alipoteza mwavuli, mke akauona, watu wakavunjika mbavu, na sisi tukabaki tunashangaa kama watu waliokosea nyumba ya msiba. Ndipo siku moja akaizima redio kabla mchezo haujaisha, akatusimamisha mbele ya darasa mimi na Agata, akatuambia tutaniane kama tunavyotaniana kisimani, ila kwa Kiingereza.

Agata alikuwa Mngoni wa Songea, mimi Mhehe. Babu zetu walipigana vita vikali, na amani iliporudi ikatuachia utani. Mngoni anaweza kunisema lolote, hata kwenye msiba wa mama yangu, nami sina ruhusa ya kukasirika. Ninachoruhusiwa ni kumjibu. Agata akaniita mla mbwa, kama Wahehe tunavyotaniwa siku zote, kwa Kiingereza kilichonyooka, na darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikakosa jibu. Nilipotoka pale niliishika kamusi ya mwalimu nikaifunua mpaka kengele ya chakula ikalia, na sijawahi kutafuta neno lolote kwa uchu kama ule. Jumatano iliyofuata nilimjibu, akanijibu, na kuanzia hapo Kiingereza kikawa chetu.

Sista Mkuu hakupendezwa. Aliposikia kelele alisema tunafundishwa matusi, na kwamba msichana wa Kihehe atamhitaji Mungu na cherehani zaidi ya Kiingereza. Habari zikaja kwamba mkaguzi wa elimu angefika kutupima. Akituona hatujui kitu, Kiingereza kingeondolewa na vipindi vyake kupewa ushonaji. Wenzangu wengine walisema sawa tu. Kwangu haikuwa sawa hata kidogo. Nilitaka kusomea uuguzi, na huko hawakumpokea mtu asiyejua Kiingereza. Nyumbani, baba alikuwa ameshaanza kuzungumza na wazazi wa kijana mmoja wa jirani. Nilijua vizuri kwamba nikirudishwa kwenye sindano na uzi, mwaka usingeisha sijaolewa.

Mkaguzi alikuja, Mwingereza mrefu wa kaptula, pamoja na msaidizi wake, Bwana Mapunda. Mkaguzi akasimama mbele yangu na kuniuliza jina langu, kijiji changu na kazi ya baba yangu. Nilielewa kila neno. Lakini nililelewa kwamba msichana hamtazami usoni mwanamume mgeni aliyemzidi umri, wala hamjibu kwa haraka, na yeye alisubiri kwa muda wa kupiga chafya tu kisha akapita kwa mwingine. Wote tuliinamisha macho. Nikamsikia akimwambia Sista Mkuu kwamba ni kama alivyofikiri, hawajui kitu. Mwalimu Sekela alikuwa amesimama ukutani.

Bwana Mapunda akacheka. "Usiwalaumu, bwana," alimwambia mkaguzi kwa Kiingereza, akinitazama mimi. "Hawa ni Wahehe. Ulimi wao ni wa kulambia mifupa ya mbwa."

Mngoni! Mapunda ni jina la Kingoni, na utani ule wa mbwa ulikuwa wao. Niliinua uso. Mgeni ningemwinamia mpaka jioni, lakini mtani anapokuchokoza, kunyamaza ndiyo aibu. "Afadhali ulimi wetu kuliko miguu yenu," nilimjibu kwa Kiingereza. "Babu yako alikimbia vitani akaiacha ngao yake kwetu. Bibi yangu anafunikia unga." Akaniambia babu yake aliiacha makusudi, maana ilikuwa inanuka Uhehe. Nikamwambia aje aichukue, ila aje na mama yake wa kumshika mkono. Madawati yalitikisika kwa vicheko. Hata Agata, aliyepaswa kumtetea Mngoni mwenzake, alikuwa ameshika tumbo.

Mkaguzi hakucheka. Alikuwa mwekundu shingoni, akaniamuru nimwombe msamaha Bwana Mapunda. Bwana Mapunda alijaribu kumweleza, asisikilizwe. Nami nilikataa. Kumwomba mtani msamaha ni kumwambia kwamba undugu wetu umekufa. "Hapana, bwana," nilisema, na safari hii nilimtazama yeye usoni. "Hakuna kosa hapa."

Nilichapwa kwa jeuri, nikapalilia shamba la mahindi la masista mpaka mvua zikaisha. Sijajutia kiboko hata kimoja. Mkaguzi angeandika nini? Kwamba hatujui Kiingereza, na amekwisha kugombana nasi kwa Kiingereza? Vipindi vikabaki. Mwalimu Sekela ndiye aliyelipa: kwa kosa la kutufundisha jeuri, walimhamishia Chimala, tukamlilia mpaka lori likapotea barabarani. Uuguzi nilisoma, nikaufanya Mbeya mpaka nikastaafu.

Siku hizi ninaishi Uyole, kando ya Mbeya. Katika shule ya kitukuu changu kuna televisheni ukutani, na mwalimu kijana anawaonyesha watoto vichekesho vya Kiingereza. Wana picha, wana maandishi chini, wana kila kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Kinachonishangaza ni kwamba hofu ya wakubwa ni ileile. Kwenye mkutano wa wazazi, mzazi mmoja, mwanamume mwenye tai, alisema watoto hawakupelekwa shule kucheka, na televisheni iondolewe. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu kijana alitazama sakafu.

Nikasimama, magoti yakilalamika. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kitukuu changu, asiyefungua mdomo mbele ya wageni, wiki ile alikuwa amenibishia Kiingereza jikoni mpaka ugali ukaungua. Kisha nikamgeukia yule bwana wa tai. "Unataka kuwakataza kucheka?" nilimwambia. "Simama unikataze mimi kwanza. Kwa Kiingereza."

Nilisubiri. Alirekebisha tai yake, akabaki ameketi.