Siku ya Kugawana Vitu vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipofariki, chumbani mwake mlikuwa na ngozi ya ng'ombe aliyokuwa akiilalia, blanketi, chungu cha maji na bakuli la bati lililobanduka rangi ukingoni. Kaniki yake nzuri tulimzika nayo. Naanza na vitu hivyo kwa sababu uchache wake nusura univunjie ndoa.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, upande wa Shinyanga, karibu na mji. Niliolewa miaka ya sitini mwishoni, nikaletwa huku Geita, mbele kidogo ya Kharumwa. Baba yangu alikuwa ameuza pamba vizuri mwaka ule, akaninunulia kwenye duka la Mhindi sanduku la bati, birika, glasi na sahani zenye maua. Vitambaa vya kufuma nilivitengeneza mwenyewe, vya kufunika kila kitu hadi mtungi. Vilipopangwa uani, mama mkwe alivizunguka polepole kama mtu anayekagua mifugo mnadani. Kisha akaniuliza, uso mkavu kabisa:

"Mkamwana, na hawa wote utawalisha nini?"

Wanawake walicheka. Mimi niliona amenidharau.

Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya zizi. Ukiingia unaiona sakafu yote, toka ukuta hadi ukuta, imesiribwa na kufagiliwa. Kazi ilikuwa na chombo chake, na chombo kikikaa bila kazi kiliondoka. Akimaliza kula aliosha bakuli, akalifunika juu ya jiwe mlangoni, na mgeni akifika hata wakati wa chakula alilifunua na kumpakulia. Yeye alingoja. Sikumwona hata mara moja akimharakisha mgeni.

Ilipofika zamu yetu kuhamia kijiji kipya, miaka ya sabini, nyumba za zamani zilibomolewa tukakaa kando ya barabara kungoja lori. Mvua ilitukuta hapohapo. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga mwenye homa, lakini nilikuwa pia na sanduku, birika, glasi na magunia, na mume wangu alikuwa ametangulia na ng'ombe. Nikawa nageuka huku na huku, nimpakate mtoto au nifunike unga. Mama mkwe alikuwa amefunga kila alichokuwa nacho ndani ya ngozi yake. Aliniwekea furushi lile miguuni, akageuza mgongo na kuinama.

"Nipe huyo. Wewe walinde hao wako."

Akambeba mwanangu kwenye matope hadi zahanati. Lori lilikuja siku iliyofuata. Glasi zilivunjika njiani na unga ulioza, lakini mtoto nilimkuta ananyonya vidole na mama mkwe amelala ameketi. Tangu hapo sikumwona tena kama mtu aliyekosa vitu. Alikuwa na mgongo mtupu siku ambayo mimi sikuwa na mkono mtupu. Alijifunza wapi kuishi vile, sijui. Sikuwahi kumuuliza, na sasa namkosa wa kumuuliza.

Baadaye wachimbaji walipoanza kuchimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, karibu nasi, alikwenda kuwapikia. Alinunua sufuria kubwa, ndicho kitu kikubwa nilichopata kumwona nacho. Aliyekosa pesa za kumpa alimpa punje za dhahabu ndani ya karatasi ya sigara, naye alizifunga kwenye pindo la kanga. Siku ya gulio pindo lilikuwa limekwisha kufunguliwa: sare za shule za watoto wa wifi yangu, bati za nyumba ya baba mkubwa wa mume wangu, dawa ya jirani. Ndiyo miaka ambayo maduka yalikuwa matupu, watu wanaficha sabuni mvunguni. Yeye akipata mche wa sabuni aliukata kwa uzi akagawa vipande.

"Sabuni ikikaa inakonda," alisema. "Heri iwakondee watu wakiwa safi."

Lakini watu wa machimboni hawaamini kwamba dhahabu huwa inaisha. Walimwona anatoka kwenye maduara miaka yote, wakamwona analala juu ya ngozi, wakasema: yule mama amefukia.

Alipoanza kuugua alihamia upande wetu, nikamuuguza mimi. Vitu vyake vilitoka kimoja kimoja kwa kadiri nguvu zilivyomwisha. Mkono ulipochoka kulima, jembe lilikwenda kwa mume wangu. Aliposhindwa kuinua sufuria, alimpa jirani yetu, mama mmoja mwenye watoto wengi. Aliposhindwa kuketi chini, alimpelekea baba mkubwa kigoda chake, kwa kuwa mzee yule alikuwa na mgongo mbovu. Wifi yangu alipokuja kumsalimia aliondoka na kanga. Kila mmoja alipokea kwa wakati wake, kimyakimya, na nadhani kila mmoja alidhani kwamba kapewa kidogo tu, kilicho kingi bado kipo. Mimi sikupewa kitu. Nasema kama ilivyokuwa: nililiona hilo, na liliniuma.

Siku ya kuanua matanga, baada ya kunyolewa, ukoo ulikaa uani. Kwetu vitu vya marehemu hutolewa nje siku hiyo, kila mtoto na kila ndugu akapewa chake. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ndiye aliyesimamia.

"Toa vitu, mkwe."

Nikatoa ngozi, blanketi, chungu na bakuli. Nikarudi kuketi. Watu wakaendelea kutazama mlango.

"Wifi," alisema dada wa mume wangu, "tumeomba vitu vya mama, hatukuomba takataka."

"Ndivyo vilivyopo, wifi."

"Miaka yote kwenye dhahabu, afe na bakuli hilo? Hata mbwa angelikataa!"

Baba mkubwa akanyoosha mkono kumnyamazisha. Aliongea nami kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele.

"Mkwe, wewe ndiye uliyekuwa naye hadi mwisho. Kama kuna kitu umekihifadhi, kiseme hapa mbele ya watu. Hatutakugombeza."

"Baba, sina kitu."

"Basi kipo kwao Shinyanga!" wifi akasema. "Kimepanda basi zamani!"

Wengine walicheka. Baba mkubwa hakucheka. Alisema kwamba jambo likikaa hivyo, itabidi nirudi kwetu kwanza, nikae huko, ukoo ufikiri. Nilijua maana yake. Nilimjua mwanamke aliyeambiwa arudi kwao kwanza, na hakuitwa tena. Nilikuwa na watoto wanne pale uani, na kwa desturi ile wangebaki.

Mjomba mmoja akasema tusigombane, ichimbwe tu sakafu ya nyumba yake ya hapa kijijini, aliyoiacha alipohamia kwetu. Wakakubali, na wakamwamuru mume wangu achimbe yeye, ili asije mgeni akaokota. Mume wangu hakuwahi kumpinga baba yake mkubwa maishani. Alichukua jembe akaingia. Tulikaa tukisikiliza sakafu ya mama yake ikivunjika. Wanaume walisimama mlangoni, shingo zimewarefuka, wakimwonyesha pembe ile, sasa ile, sasa palipokuwa na mafiga. Hapakutoka kitu ila majivu.

Alipotoka alikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope. Alikwenda moja kwa moja mbele ya baba mkubwa akaliweka jembe chini, penye ile ngozi na bakuli.

"Baba mkubwa, mmeomba vitu vya mama. Jembe hili lilikuwa lake. Ndilo tulilochimbia kaburi. Gaweni."

Ndipo yule jirani mwenye watoto wengi akainuka kutoka jikoni, ameikumbatia sufuria kubwa iliyokuwa imewapikia waombolezaji tangu siku ya kwanza.

"Kama ni hivyo, na hii ni yake," alisema. "Mlikuwa mnakula kutoka humu kila siku. Ningojeni tu niikwangue ukoko."

Mtu mmoja akapasuka kicheko, kisha wengi. Wifi yangu hakucheka. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye kanga aliyojifunga. Na baba mkubwa, nilimwona, aliinama akatazama katikati ya miguu yake, kile kigoda alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani kwake ili akikalie kwenye kesi yangu. Alishika kingo zake kwa mikono miwili. Akainuka polepole kwa sababu ya mgongo, akakisogeza karibu na jembe, akabaki amesimama.

"Huyu mama alikwisha gawa," alisema. "Sisi tumechelewa." Kisha akanigeukia. "Mkwe, kaa kwako. Kapike."

Nilikwenda kupika. Unga wa kwanza niliumwaga chini.

Kila mtu alirudishiwa alichokuwa nacho. Kesho yake asubuhi nilikwenda kuisiriba ile sakafu, sikutaka kuiacha imefumuliwa. Nikamkuta wifi yangu amefika kabla yangu, amechanganya udongo na samadi ndani ya ndoo, kanga ya mama ameipandisha magotini. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Tulisiriba tukirudi nyuma, bega kwa bega, hadi mlangoni. Hapo akaniuliza:

"Wewe alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Labda ni kwa vile nilikuwa karibu, alivitumia vilivyobaki kupitia mikono yangu."

Akalichukua lile bakuli, lililokuwa limerudishwa kwenye jiwe lake mlangoni.

"Unalitaka? Mbwa amelikataa."

"Nalitaka," nikasema, na hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sahani zangu za maua nimekwisha kuzitoa, na sanduku, na birika. Nyumbani kwangu sasa sakafu inaonekana. Lakini bakuli bado ninalo. Naliosha, nalifunika mlangoni, na mgeni akija nampakulia humo. Kumpa mtu aondoke nalo, bado sijaweza. Yeye angekwisha kulitoa zamani.