Kinachoamka Kwenye Baridi

Siku ya kwanza Bi Barafu aliniharibia asubuhi. Alisimama mbele ya meza yangu, akauliza saladi bei gani, nami nikamtajia bei ya mgeni, ile ambayo muuzaji huitaja akijua itateremshwa. Akalipa. Hakuguna, hakujifanya anaondoka, hakuuliza kama nimeimwagilia asali. Mimi biashara nilianza na beseni la kuazima, na nilicho nacho leo kimetokana na mdomo wangu. Mtu akinilipa bei niliyoitupa tu hewani, najiona kama nimesalimia na sikuitikiwa. Nikabaki nazikagua zile noti kwenye jua.

Halafu akaniambia nimchukulie fungu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kama ninavyompa mtu yeyote. Alitanua mfuko bila kuugusa ndani, nikatumbukiza saladi, akaufunga, akaandika namba juu yake, akautia kwenye sanduku la barafu lililoning'inia begani, lile lililompa jina letu la sokoni. Akahamia kwa jirani, kwenye bucha ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Huko nako hakuchagua nyama. Alisema akatiwe popote, kwenye gogo lile lile, kwa kisu kile kile.

Shemeji akanitazama juu ya mizani. "Huyu ana paka mwenye cheo," akaniambia alipoondoka.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, kucha fupi kama za mtoto wa shule. Haonji, hanusi, habonyezi nyanya. Sokoni mtu asiyesema husemewa, nasi tukamsemea. Muuza chai alidai kumwona akisugua kijiti chenye pamba kwenye meza ya samaki, kisha akakifunika haraka ndani ya kichupa kama mtu aliyekamata kitu kinachokimbia. Mama muuza nyanya yeye alisema kila mahali anaposimama yule, haupiti muda mtu anaugua tumbo. Nikamwambia sokoni watu huugua tumbo hata asipokuja.

"Sawa," akasema. "Lakini huyu hanunui mboga, baba. Ananunua sisi."

Ningecheka, kama si dada yangu.

Dada alikuwa amepoteza mimba mbili, na zote zilikwenda kwa njia moja. Homa ndogo ya kupita, mgongo kuuma kidogo, kisha siku moja anaamka na tumbo limenyamaza. Neno hilo ni lake: limenyamaza. Hospitali hawakuona sababu. Mama mkwe wake aliiona upesi: mkono wa mtu. Ya pili ilitoka muda mfupi baada ya Bi Barafu kuanza kuja, na kwa hesabu za sokoni hiyo ilitosha. Sasa, miezi mingi baadaye, dada alikuwa na ya tatu, tumbo limeshatangulia mbele. Lile sanduku la barafu likitokea mwisho wa mstari, anaingia nyuma ya bucha na kujifunika kwa mtandio mpaka lipite.

Hapo kuna jambo la kueleza. Mimi na shemeji tulikuwa na makubaliano. Jioni, saladi na kotimiri zisizouzwa nilizilaza kwenye friji lake la nyama, rafu ya chini, na asubuhi zikaamka kama zimevunwa alfajiri. Hakunitoza kodi, nami sikumtoza dada, ambaye kila mimba ilimletea hamu ya vitu vya baridi. Alikuwa akifungua friji, anachomoa jani, analitafuna pale pale amesimama mlangoni, ubaridi ukimpiga usoni. Kila mtu alipata, hakuna aliyetoa. Mikataba ya namna hiyo ndiyo naipenda.

Siku moja Bi Barafu alilipa kama kawaida yake, lakini hakuondoka. Aliinama karibu na sikio langu.

"Saladi yako inalala wapi?"

Mwili ulinisisimka, na mimi si mtu wa kusisimkwa. Nikamjibu kwamba mboga hazilali, zinauzwa. Ndipo akaeleza, polepole, kwamba anafanya kazi maabara, wanachunguza vimelea wanaoleta ugonjwa kwenye mboga mbichi na nyama. Mboga za wenzangu zinabeba vitu vya udongo na vya samadi, akasema, vitu vinavyojulikana vimetoka wapi. Za kwangu zina kitu cha ziada, na kitu hicho si cha shambani, maana amekikuta pia kwenye nyama ya shemeji. Aliomba kusugua pamba ndani ya friji la shemeji.

Shemeji alikataa hata kabla sijamaliza kumweleza. Wakipata kitu watamfungia, wasipopata watasema hawakutafuta vizuri. Nikamwambia aniachie mimi, kwa sababu mtu anayehitaji kitu namna ile ana bei, na bei yake sijaijua. Nikampa Bi Barafu masharti yangu. Asije na koti jeupe. Jina la bucha lisiandikwe popote. Na atakachokiona, mimi nikijue kabla ya wakubwa wake.

Mawili ya kwanza aliyakubali bila kupepesa. La tatu likamkwama. "Hilo si langu kulitoa," akasema.

"Basi na friji si langu kulifungua."

Akafunga sanduku, akageuka aende. Wakati huo huo dada, aliyedhani mgeni ameshapita, alikuwa amefungua friji na kuchomoa jani lake. Bi Barafu akasimama. Alimtazama dada akitafuna, akalitazama tumbo, akaitazama rafu ya chini. Akarudi kwangu na kusema anakubali, yote matatu, leo hii.

Nimefanya biashara miaka mingi. Mnunuzi anayepandisha bei mwenyewe, baada ya kukataa, amejua kitu ambacho wewe hujui. Sikupenda alivyokubali hata kidogo.

Alisugua mpira wa mlango, rafu, kona. Mwisho alipiga magoti akaingiza kijiti kwenye kitundu cha nyuma kinachotolea maji. Pamba ilitoka na rangi ya chai. Alipokuwa akiondoka alimwambia dada, kwa sauti ya chini, aache majani mabichi, ale vilivyochemka. Laiti asingesema. Dada alikuja kwangu akilalamika: mchawi ameanza na chakula sasa, anataka amkondeshe mtoto tumboni. Na kwa ukaidi tulioupata kwa mama yetu, akazidi kula.

Majibu yakachelewa. Nilichoka kusubiri, nikaenda mwenyewe kudai changu. Maabara ilikuwa mwisho wa ujia mrefu usio na dirisha, chumba chenye mafriji mengi yanayonguruma kwa pamoja, kila moja kwa sauti yake, kama watu wanaosali kwa ndani. Bi Barafu alinifungulia moja. Ndani kulikuwa na chupa za mchuzi wa kimanjano wa kulishia vimelea, na katika kila chupa kijiti chenye pamba. Vyetu vilikuwa vimekaa humo tangu siku ile.

Nikamuuliza vijiti vyetu vinasubiri nini.

"Vimelea wengine wachoke," akasema. "Baridi ikiwaingia, wengine wote wanalala. Huyu wa kwenu ndiye anaamka. Anakula taratibu mpaka anabaki peke yake."

Sisi tulidhani baridi inaua. Shemeji alikuwa akilisifia friji lake kwa wateja kama mtu anavyosifia mlinzi.

Aliniwekea tone kwenye hadubini, nikafumba jicho moja. Sijui nilitarajia nini, labda madoa. Niliona vijiti vyembamba, vingi, na havikutulia. Vilikuwa vinabiringika, kimoja hapa, kimoja pale, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini. Dada alikuwa ametuambia neno hilo hilo wiki ile ile, mkono juu ya tumbo: anajigeuza. Nikatoa jicho.

"Mama mwenyewe hasikii kitu cha maana," Bi Barafu alisema nyuma yangu. "Homa ndogo tu. Huyu anampita mama, anaenda kwa aliye ndani." Akazima taa ya hadubini. "Dada yako hajambo?"

Nikamwambia hajambo, ana kihoma cha kupita tangu jana.

Sikumwona akivua koti. Nilichoona ni kwamba yuko mbele yangu ujiani, na yeye, asiyepaza sauti kamwe, anampigia kelele dereva wa gari la kazi awashe. Tulimpitia dada na shemeji, tukaenda hospitali. Huko Bi Barafu alimweleza daktari alichokiona, cha friji lipi, na cha lini, kitu ambacho kwa taratibu za kazi yake hakutakiwa kumwambia mtu. Dada alipofungua macho na kumkuta pembeni mwa kitanda, alinishika mkono akauminya.

"Kaka, mtoe huyu."

"Nimeshafanya naye biashara," nikamwambia. "Anakaa."

Wakamtundikia dripu ya dawa. Bi Barafu alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, anautazama ukuta. Kila muuguzi aliyetoka alimuuliza swali moja tu, kama mtoto anacheza. Anacheza, aliambiwa. Kisha: kidogo. Kisha kwa muda hakuna aliyetoka kabisa, na shemeji, mtu anayepasua ng'ombe, akaenda kusimama uani asisikie.

Tumbo halikunyamaza. Mtoto wa kike alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kama kuku wa mwezi, akalia kama dalali. Damu ya dada ilipopimwa, walikuta mpangaji yule yule wa friji.

Sasa hesabu. Dada alipata binti, ingawa hadi leo Bi Barafu akitajwa anajifunika. Shemeji alilipiga friji kwa nyundo na kuliuza chuma chakavu, kisha bucha ikafungwa mpaka isuguliwe yote. Mimi nilipoteza ghala la bure, na jioni nauza mboga kwa bei inayoniuma. Bi Barafu alipoteza zaidi. Utafiti wake ulihitaji friji lile liendelee kuwepo, na wakubwa wake walichukia kusikia habari zilifika sokoni kabla ya kufika kwao. Walimtoa kwenye kazi ya masoko. Sasa anaosha vyombo vya kioo na kupika mchuzi wa kulishia vimelea.

Juzi alikuja bila sanduku. Akauliza mchicha bei gani, nikamtupia bei ya mgeni.

"Kwa mchicha huu uliolala?" akasema, na akanibana mpaka nikatoa jasho. Alikuwa anajua kupatana siku zote. Zile pesa za zamani hazikuwa zake, wala hakuwa ananunua chakula.

Nilipokuwa namfungia nikauliza yule wa kwetu aliishia wapi. Akasema yupo, kwenye kichupa chenye namba ya saladi yangu, ndani ya friza kali kuliko zote. Hatupwi. Huko hata yeye analala, akasema, lakini ukimtoa anaamka na njaa.

Akachukua mchicha wake kwa bei yake, akaenda kuuchemsha. Nikabaki naifikiria namba yangu kule gizani, na yule aliyelala na mboga zangu miaka yote bila kulipa kodi. Bado analala bure, anasubiri sisi wengine tuchoke.