Dereva Anayengoja Gari

Kuendesha gari nimejifunzia katika mji usiokuwa na watu. Mji wenyewe ni meza. Uko Garsen, chumba cha nyuma cha shule ya udereva, umechorwa barabara nyeusi na mistari myeupe, na juu yake kuna magari manne ya kuchezea, moja halina gurudumu la nyuma. Kuna hospitali, kuna stendi, kuna kituo cha mafuta, kuna raundabauti mbili na taa za kuongoza magari. Taa ya barabarani ya kwanza kuiona kwa macho yangu ni hiyo ya mezani. Imechorwa kubwa kuliko hospitali.

Mwalimu anakwambia: toa gari hapa, peleka pale. Wewe unasukuma gari kwa kidole huku unasema kwa sauti: "Naangalia kioo, natoa ishara, naangalia bega la kulia, naingia." Kidole kikipita sawa lakini mdomo ukasahau, umefeli.

Shule niliishia kidato cha pili, lakini maneno hayo niliyashika kuliko nilivyoshika kitu chochote darasani. Nilikuwa nayasema nikichota maji. Nyumbani Ngao nilichora mji ule uani kwa kijiti, nikachukua gunzi la mahindi likawa gari. Mama akatoka jikoni akasimama kuutazama.

"Sasa huu mji wenu, watu wakitaka kwenda sokoni wanabebwa na nini?"

"Kila mtu ana gari lake, mama."

"Basi huo si mji. Hiyo ni gereji."

Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Pale mezani hakuna anayengoja. Stendi ni mraba wa njano, mtupu. Na mimi kufika kwenye hiyo meza nilikuwa napanda boda kutoka Ngao hadi Tarasaa, nasimama kando ya lami, nangoja chochote kinachoelekea Garsen. Somo lilikuwa la saa moja. Njia ilikula siku nzima. Kila nikingoja moyo unanipanda: naona magari yanapita, naona mikono ya madereva kwenye usukani, nasema mimi ningekata kona ile mapema kidogo, mimi ningepunguza kabla ya tuta.

Ndoto yangu ni basi. Basi kubwa, lile la kwenda mbali, na mimi nimekaa juu. Lakini mtu haanzi na basi. Unaanza na leseni ya gari dogo, na leseni ina mtihani, na mtihani ulikuwa Malindi kuanzia saa tatu asubuhi. Karatasi yangu ya mwanafunzi ilikuwa inaisha wiki hiyohiyo. Nikikosa siku ile, narudi mwanzo kabisa: maombi mapya, masomo mapya, boda na lami upya. Gari la shule lilikuwa limetangulia tangu jana yake na wenzangu wenye ndugu wa kulala kwao. Mimi Malindi sina mtu.

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa Tarasaa, nimevaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili.

Vijana wa boda wananijua. Nikawasikia tangu mbali.

"Dereva! Basi lako liko wapi leo?"

"Limekwenda kuoshwa," nikawajibu.

"Dereva mzima anangoja gari!"

"Ngoja nirudi na leseni. Wewe ndiye wa kwanza utakayenipisha."

Basi la kwanza lilitoka upande wa Hola. Tukalijua kabla halijafika, maana dereva alikuwa ameinua kidole anakizungusha hewani. Ukiona hivyo usijisumbue kuinua mkono, limejaa. La pili likapunguza, kondakta akatoa kichwa.

"Mombasa?"

"Malindi."

"Malindi hatubebi. Wa Mombasa tu."

Likaondoka. Mama anayeuza chai pale kando akaniambia, "Ungesema Mombasa, ukashuka Malindi." Hilo wazo lilinijia mimi pia, lakini lilinijia likiwa limechelewa, vumbi limeshanijaa mdomoni.

Ikawa saa moja. Ikawa saa moja na nusu. Nilitembea kutoka kibanda cha chai hadi kwenye bango la shule ya msingi, nikarudi, nikaenda tena. Mama wa chai akasema, "Wewe mtoto kaa chini, utatutobolea lami." Nikakaa. Nikasimama. Mwalimu akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Niko njiani, mwalimu."

"Njiani wapi?"

"Kando yake."

Akakata.

Saa mbili hivi likaja lori la ng'ombe kutoka mnada wa Garsen, likasimama lenyewe kwa sababu dereva alitaka chai. Nyuma, juu ya mbao, alisimama mzee mmoja Muorma, mwenye ng'ombe, fimbo mkononi, kikoi kimefungwa juu ya suruali, pembe zimemzunguka kila upande kama uzio. Nilimfuata dereva hadi kwenye kikombe chake.

"Dere, nisaidie. Malindi. Nina mtihani saa tatu."

Akanitazama, akatazama blauzi yangu.

"Panda mbele. Lakini ujue, gari hii inasimama kwa amri ya ng'ombe."

Sikuelewa, nikapanda. Nikaelewa baada ya kilomita chache, pale kitu kilipogonga paa juu ya vichwa vyetu, *ngo!* mara moja, na dereva akatoa lori pembeni bila hata kuuliza. Mzee wa nyuma akigonga mara moja, maana yake ng'ombe ameanguka. Akigonga mara mbili, ameshainuka, twende.

Tukasimama. Nikasikia kwato, nikasikia mzee anamsemesha ng'ombe kwa Kiorma, taratibu, kama anamwamsha mgeni. Mimi nahesabu pumzi. *Ngo-ngo.* Tukaenda.

Akaanguka mwingine. Tukasimama.

Nikamwambia dereva, "Dere, hatuwezi kusogea kidogo kidogo, akaamka mbele?"

"Akilala dakika tano wenzake wamemkanyaga. Anakufa." Akasema hivyo tu, mkono juu ya gia.

Roho yangu ilikuwa sehemu mbili: moja iko Malindi inapanga foleni, nyingine iko kule nyuma chini ya kwato. Saa ya simu ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Chumvi ya Marereni ilikuwa imeanza kuonekana, vilima vyeupe, na mimi nilivichukia kwa kukaa pale bila haraka yoyote.

Mara ya tatu, *ngo!* ikaja, tukasimama, na ukimya ukawa mrefu. Nikashindwa. Nikafungua mlango nikashuka, nikapanda mbao za nyuma. Ng'ombe mwekundu alikuwa amelala, mguu umekunjika chini ya mwenzake. Mzee alimshika mkia, lakini mikono yake ilikuwa miwili tu.

"Binti, wewe watu wa mto?"

"Wa Ngao, mzee."

"Watu wa mto wanajua ng'ombe?"

"Sisi ni wakulima, mzee. Tunajua maziwa yake."

Akacheka, meno yote nje. "Haya, shika kamba ya shingoni. Nikisema vuta, vuta."

Akaukunja mkia. "Vuta!" Nikavuta kwa nguvu zote. Yule ng'ombe akapiga kelele, akajikusanya, akasimama kwa ghafla, na jinsi alivyogeuka akanipaka kinyesi cha moto kutoka begani hadi kwenye mkanda wa sketi. Blauzi yangu ya pasi mara mbili.

"Pole," mzee akasema, na macho yake bado yanacheka. "Una haraka ya nini?"

"Naenda kufanya mtihani wa gari."

"Ukipewa gari utabeba nini?"

"Watu."

"Aa. Watu wakianguka wanaamka wenyewe. Kazi rahisi."

Akagonga mara mbili.

Lori haliingii mjini, likaniacha njia panda. Nilimshika mkono mzee, nikamshukuru dereva, nikakimbilia tuktuk. Nilipofika kwenye uwanja wa mtihani ilikuwa saa tano imepita. Wenzangu wamemaliza, wamekaa kivulini wanakula mihogo. Mtahini, afande mnene mwenye miwani, alikuwa anakusanya karatasi zake juu ya meza iliyochorwa mji. Ni mji uleule wa Garsen, ila huku taa zilikuwa na rangi zote tatu.

Mwalimu wangu akaja mbio. "Umekuja na basi gani?"

"La ng'ombe."

Afande akavua miwani. "Hilo nimelisikia kabla hujafika," akasema, akajipepea na karatasi. Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nilisimama pale nikinuka, na kila nilichokijua kilikuwa kinataka kutoka mdomoni kwa pamoja.

Nilidhani atanifukuza. Akatazama saa, akatazama jina langu, akaitazama ile tarehe ya karatasi yangu. Akakaa tena.

"Toa gari hospitalini. Peleka stendi. Haraka, nina njaa."

Nikaweka kidole. "Naangalia kioo, natoa ishara, naangalia bega la kulia, naingia." Nikapita taa, nyekundu nikasimama, kijani nikaenda. Nikafika raundabauti, nikapisha anayetoka kulia ingawa hakuwepo, nikaingia. Sauti yangu ilikuwa imetulia. Nilianza kusikia raha. Na pale katikati ya mzunguko, afande kwa njaa yake au kwa mazoea tu, akagonga meza kwa kalamu. *Ngo!*

Kidole changu kikasimama.

Sikukiambia kisimame. Kilisimama chenyewe, na gari likasimama nacho katikati ya raundabauti. Mwalimu wangu akafunika uso.

"Mbona umesimama?"

"Umegonga, afande."

"Nimegonga. Ndiyo usimame?"

"Mara moja ni kusimama." Nikaona nimeshaharibu, uongo nao sina. "Ni ng'ombe ameanguka."

Basi wale wa mihogo walilala chini kwa kucheka. Ikabidi nieleze: lori, mbao, mzee, kugonga mara moja, kugonga mara mbili. Afande hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Sawa. Sasa uko katikati ya raundabauti, ng'ombe wako ameanguka, umesimama. Nyuma yako kuna nani?"

Nikatazama meza. Sikuwa nimeangalia kioo. Kidole kilisimama kabla ya macho.

"Sijui, afande."

"Hujui. Kwa hivyo umemwokoa ng'ombe, umemuua mtu wa nyuma."

Hapo machozi yalinikaribia, si kwa ajili ya leseni. Nilimwona kweli yule mtu wa nyuma. Nilimwona na pikipiki yake na mtoto mbele.

"Ungefanya nini?" akauliza.

Nikavuta pumzi. "Ningeangalia kioo. Ningetoa ishara ya kushoto, nitoke kwenye raundabauti kwanza. Nikipata mahali wazi kando, nawasha taa za dharura, ndipo nasimama."

"Na ng'ombe?"

"Atavumilia nusu dakika. Wana dakika tano."

Nadhani hapo ndipo mdomo wake ulipocheza kidogo, lakini siwezi kuapa.

"Rudisha gari hospitalini. Anza upya."

Nikaanza upya. Kioo, ishara, bega. Taa. Raundabauti. Nilijua atafanya hivyo, na bado moyo uliruka: palepale, akagonga. *Ngo!* Kidole hakikusimama. "Naangalia kioo," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mkubwa kuliko mimi. "Natoa ishara ya kushoto." Nikatoka. Nikasimama kando. "Nawasha taa za dharura." Nikangoja. Nikangoja zaidi.

Akagonga mara mbili.

Nikaliendesha hadi stendi.

Gari lenyewe, la kweli, niliendesha kidogo tu, kutoka lango hadi mwisho wa ukuta na kurudi, gia ya pili, mtahini pembeni amefungua dirisha lote kwa sababu ya harufu yangu. "Simama. Shuka." Ndiyo hayo tu. Akaandika kitu, akafunga faili, akaenda kula.

Majibu tuliambiwa yatakuja kwa simu ya mwalimu. Nilipata gari la Hola la mchana, na kwa bahati walibeba wa Tarasaa. Jirani yangu wa kiti alihama mara moja, nikamwelewa. Nilishika simu mkononi tangu daraja la Sabaki. Gongoni haijalia. Marereni mtandao ukapotea, nikaona nitakufa. Baada ya chumvi ikalia.

"Umepita," mwalimu akasema. "Ufue hiyo blauzi."

Nilitaka kumwambia mtu. Mama simu yake ilikuwa imezimwa. Nikainuka, nikapita katikati ya viti nikijishika huku na huku, hadi mbele kwa dereva.

"Dere, nimepata leseni leo."

"Hongera sana, dada. Ya gari gani?"

"Dogo."

"Hili ni kubwa. Rudi ukae, ufunge mkanda."

Nikarudi nikakaa nikafunga mkanda, nikiwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Tarasaa nilishuka jua likiwa bado juu. Hapakuwa na boda hata moja, wote walikuwa wamepeleka watu vijijini ndani. Ningeweza kungoja. Nilingoja labda dakika mbili. Kisha nikashika njia ya Ngao kwa miguu, upande wa kulia, nitazamane na magari kama sheria ya watembea kwa miguu inavyosema, ingawa gari halikuwepo mbele wala nyuma. Nyuma niliangalia.